Kobe wa Babu: shajara ya kuifufua Morris Minor

12 Agosti

Kobe ametoka bandani. Tulikuwa watu saba na kamba ya katani, na muda mwingi uliishia kwenye ubishi wa avutwe upande gani. Matairi manne yalikuwa yamekwisha kugeuka udongo, na mzizi wa mwembe ulikuwa umepita chini ya ekseli ya nyuma ukaibukia upande wa pili, kama uliotaka kumfunga pingu. Mjomba akaleta shoka. Bibi, aliyekuwa barazani juu ya mbuzi yake ya nazi, akatoa hukumu bila kuinua uso: mzizi ukatwe, mwembe usiguswe, maana mwembe unazaa na gari halizai.

Kwa asiyemjua: Kobe ni Morris Minor 1000 ya mwaka 1959, milango miwili, paa la turubai la kukunja. Babu yangu aliinunua 1964 kwa meneja wa shamba la mkonge aliyekuwa anafungasha kurudi kwao Uingereza. Babu alikuwa karani wa mizani kwenye shamba hilo. Ilitembea mpaka 1986, ikaingizwa bandani hapa Muheza "kwa wiki mbili", na ndizo wiki mbili zilizoisha leo. Jina la Kobe walilitoa watoto wa jirani kwa sababu ya mgongo wake. Hata kwao umbo hili lilisemwa: Lord Nuffield, mwenye kiwanda, inasemekana alipoiona mara ya kwanza aliifananisha na yai lililochemshwa bila ganda. Watu wakainunua na uyai wake. Zilianza kuuzwa 1948, na mpaka zinakoma zilikuwa zimezidi milioni 1.6.

Timu: Baba, miaka 74, fundi mstaafu wa karakana ya reli Tanga. Mjomba, kaka wa mama yangu, mchomeleaji. Binti yangu, miaka 14, aliyeomba likizo nzima isiwe ya tuisheni. Dada yangu yuko Leicester, Uingereza, yeye ni jicho letu la vipuri. Mimi kazi yangu ni kompyuta, na Baba hachoki kuwaambia watu kwamba mikono yangu ni ya kushikia bahasha. Nikiandika "Babu" hapa namaanisha babu yangu, mwenye gari. Mwenyewe wa sasa ni Bibi. Kadi ya gari iko kwenye sanduku lake, chini ya kanga za harusi, na haitoki.

19 Agosti

Tumempakia kwenye Canter mpaka Tanga mjini, nyumbani kwa Baba. Pale Kange tuliposimama kununua maji, mnunuzi wa chuma chakavu alimzunguka mara mbili akatupa bei ya kilo. Nikamwambia ana kilo 770 na ushee. Akapiga hesabu kwenye simu, akanionyesha kioo kwa huruma kabisa, kama daktari anayetoa majibu. Binti yangu alinuna mpaka tumefika.

2 Septemba

Kutu. Nilijua iko, sikujua imeenea hivi.

Baba hakuanza na mashine yoyote. Alimpa mjukuu wake bisibisi bapa na chaki. "Mke wangu, pita chini yote, choma kila mahali kama unapima mkate. Ikizama, weka alama." Nilishika tochi. Bisibisi ilikuwa inagonga ngo, ngo, ngo, kisha pwaa, na unga mwekundu ukamwagika kwenye nywele zake. Alipomaliza kulikuwa na misalaba ya chaki 31. Sakafu ya dereva, sakafu ya abiria, vizingiti vyote viwili vya milango, na ile iliyomkunja Baba uso: boriti ya katikati, inayokatiza chini ya viti vya mbele.

Hapa nieleze kidogo, maana ndipo gari la paa la kukunja linapoachana na ndugu yake mwenye paa la bati. Chukua boksi la viatu lenye mfuniko, ulipinde: halikubali. Toa mfuniko, ulipinde tena. Waingereza walilijua hilo, wakaongeza vyuma vya kukaza chini ya dashibodi na kwenye sakafu. Kwa hiyo gari hili limesimama kwa sakafu yake tu. Ile boriti ya katikati nayo ina kazi ya pili: springi za mbele za Morris hazikuviringwa, ni fimbo mbili ndefu za chuma zinazojisokota, na mikia yake imeshikwa na boriti hiyohiyo. Boriti ikioza, sakafu na springi vinakufa siku moja.

Mjomba alitaka kukata sakafu nzima siku hiyo. Baba akakataa. Mjomba akasema amechomelea matrela ya tani 30. Baba akasema, "Shemeji, trela halina milango." Walinuniana mpaka chai ya saa kumi.

9 Septemba

Baba kashinda. Kabla ya kukata chochote tumechomelea mabomba ya chuma kukatiza kila tundu la mlango, kutoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kitasa, na moja la mshazari kutoka upande hadi upande. Gari limekaa kwenye stendi sita, limesawazishwa kwa pima maji. Nafasi kati ya mlango na nguzo tumeiandika ukutani kwa chaki: milimita 5 juu, 5 chini. Tunakata kipande, tunaziba kipande, ndipo tunagusa kingine. Bati la geji 18.

Chini ya zulia la abiria tulikuta kiraka cha Babu. Amekata debe la mafuta ya taa, akalifunga kwa riveti, na herufi za debe bado zinasomeka ukiinama. Riveti zimepangwa sawa kama vifungo vya shati. Mjomba akalipuliza kwa grainda kabla sijasema neno. Nilichukia kwa dakika kama kumi, kisha nikapitisha kidole kwenye chuma kilichokuwa chini yake: kilikuwa kama biskuti iliyolowa chai. Kipande cha debe sasa kimetundikwa karakana, juu ya benchi.

23 Septemba

Spana. Seti yetu yote ni ya milimita, na nati za Kobe ni za inchi. Kumi na tatu inaishika nati ya nusu inchi kwa kubahatisha. Kumi na moja inaivaa ya 7/16 ukiwa na imani. Lakini ya 9/16 ni mkosi: namba 14 haiingii, namba 15 inacheza na kula kona za nati. Baba alituacha tuhangaike asubuhi nzima, kisha akaenda ndani, akarudi na soksi nzito. Ndani yake spana tisa za inchi za karakana, kila moja imefungwa gazeti. "Nilikuwa nangoja muombe."

14 Oktoba

Injini ilikuwa imeshika. Wiki tatu tumekuwa tukimimina mchanganyiko wa dizeli na oili kwenye matundu ya plagi, kila jioni kijiko, kama dawa ya kikohozi. Leo tumeweka gia ya nne na kumsukuma mbele na nyuma. Mara ya sita ikatoa mlio, kitu kama mlango wa msikiti wa zamani, na feni ikazunguka robo.

Ni ile injini ndogo ya sentimita za ujazo 948. Tumeifungua chini ya mwembe wa Baba. Juu ya pistoni kumegongwa 040, maana yake bloku ilishachongwa mara moja, inchi 40 kwa elfu. Nani alifanya, lini, Baba hajui, na Baba kutojua jambo la gari hili ni habari kubwa. Silinda zimeliwa juu, ukipitisha kucha inakwama. Bloku itachongwa tena, kwenda 060. Baada ya hapo nyama ya chuma haitoshi tena.

Kila fundi aliyepita uani ametoa ushauri uleule: tia injini ya Toyota, usihangaike. Wanasema kwa nia njema na wana haki yao. Vipuri viko kila duka, na itakwenda. Ila Bibi alishaniuliza mara mbili kama itanguruma "vilevile", na sina jibu la kumpa likiwa na injini ya Corolla.

Silinda hedi imekwenda mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, pamoja na bloku. Nimeagiza viti vya valvu za kutolea moshi viwekwe vya chuma kigumu. Injini hizi zilizoea petroli yenye risasi, na ile risasi ndiyo iliyokuwa inakinga viti hivyo visiliwe. Kobe amelala tangu 1986, na Afrika kusini mwa Sahara iliachana na petroli hiyo kufikia mwanzo wa 2006, kwa hiyo akiamka atakuta chakula kimebadilika.

Novemba

Vuli. Baba amesafisha kabureta mara tatu. Hakuna jingine.

16 Desemba

Begi limefika! Dada alimpa mtu anayekuja harusini, na kingipini mbili, pistoni nne, ringi, na vifaa vya breki vimesafiri vimeviringwa ndani ya masweta ya watoto. Mbeba begi analalamika bega mpaka leo. Tumemlipa kwa pweza.

Kingipini ndiyo kipuri ninachokiogopa kuliko vyote kwenye gari hili. Kwa chini ina uzi kama wa skrubu, na ndio unaobeba gurudumu na kuliachia likate kona. Uzi ukikosa grisi unaliwa, na ukishaliwa vya kutosha gurudumu linajikunja ndani chini ya madigadi. Kobe aliwahi kupiga magoti hivyo, karibu na Pongwe, Babu, Bibi na magunia mawili ya machungwa ndani. Namshukuru Mungu walikuwa wanaanza tu kuondoka. Kitabu cha gari kinataka grisi kila maili 1,000, yaani kama kilomita 1,600. Ya kulia na ya kushoto haziingiliani, nyuzi zake zinakwenda kinyume, kwa hiyo binti amezifunga nyuzi za rangi, nyekundu kulia.

Aliyeweka silinda kuu ya breki ndani ya chasisi, chini ya miguu ya dereva, bolti zake zimezuiwa na ile fimbo ya springi, namwombea msamaha kwa sababu ameshafariki. Siku mbili kuitoa. Siku mbili!

13 Januari

Msasa, na leo nitaandika kwa urefu.

Tumeanza kuvua rangi. Kaskazi inavuma, hewa kavu, ndio wakati wake. Binti ana mtindo wake: anasugua mahali pamoja mpaka bati, akitanua duara polepole, ili rangi zote za zamani zibaki zimezunguka kama pete za mti uliokatwa. Juu kabisa nyeupe, Babu aliipaka 1974 Baba alipooa. Chini yake kijani, ya miaka ya sitini. Chini yake kijivu, ya kiwandani. Kwenye boneti aliuliza kwa nini kuna mkanda bapa umepita katikati toka kiooni hadi puani. Nikamweleza ninachokijua: Alec Issigonis, aliyeichora, alipoiona ile ya majaribio aliona nyembamba mno. Akaamuru ikatwe kati kwa urefu, nusu mbili zikaachanishwa mpaka macho yake yakaridhika, inchi nne, na kiwanda kikaongeza inchi hizo nne katikati. Mkanda ule ndio pengo lililozibwa. "Kwa hiyo na wao walitia kiraka," akasema, akaendelea na msasa.

Baada ya adhuhuri alikuwa kwenye madigadi ya mbele kulia. Akaniita. Pete hapa hazikuwa tatu, zilikuwa nne. Kati ya nyeupe na kijani kulikuwa na kijani nyingine, nene, ya kung'aa, na ndani yake unaona njia za brashi. Tena kulikuwa na unywele wa brashi umenasa humo. Aliposugua zaidi, bati halikutokea. Ikatokea puti ya vioo, ile ya kushikilia vioo vya madirisha, imekauka kama jiwe la kuogea, sehemu ya upana wa sahani ya pilau.

Hakuna mahali pengine kwenye gari penye kijani hiyo. Nikamwita Baba. Alikuja, akaangalia, akaniomba kiti.

Ilikuwa 1968, ana miaka 18. Babu alikuwa amesafiri kwenda Dar es Salaam mazishini, siku nne. Baba akachukua ufunguo, akawapakia rafiki zake wawili, paa wakalikunja, wakazunguka mji mzima wa Muheza wakipiga honi. Wakati wa kumrudisha, alipokuwa anaingia uani, mguu ukateleza kwenye klachi na Kobe akaenda kuukumbatia mfenesi. Siku tatu alizobakiwa nazo aligonga bati kwa nyundo ya kupondea kokoto, akajaza shimo kwa puti aliyoikopa kwa fundi madirisha, na rangi akaipata kwa mtu wa mashua huku Tanga, karibu kabisa na ile ya gari lakini inang'aa zaidi. Akapaka usiku, kwa kibatari. Babu akarudi. Hakusema kitu. Miaka 6 baadaye akapaka gari zima nyeupe, na Baba akapumua.

Hakuwahi kumwambia mtu, hata Mama.

Mjomba alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema jambo la maana: madigadi mpya za chuma bado zinauzwa Uingereza, Dada anaweza kuagiza, hii tuitupe. Baba akasema sawa, itupwe, tena haraka. Binti akaiweka mikono miwili juu yake, haongei.

14 Januari

Nimempigia Bibi simu nikamsimulia. Kimya kirefu. Nikadhani mtandao umekatika.

"Nilijua," akasema. "Nilinusa ile rangi, imejaa nyumba nzima."

Na Babu?

"Babu yako ndiye aliyenionyesha. Alinishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba. Mfenesi ulikuwa na kijani kwenye gome."

Nikamwambia Baba. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. Akauliza kama mfenesi bado upo. Ulikatwa zamani, nikamwambia.

20 Januari

Madigadi haitupwi. Baba ameing'oa puti yote kwa patasi na sasa anainyoosha mwenyewe, kwa nyundo ya mbao na mfuko wa mchanga, anapasha bati moto kwa gesi, analipoza kwa kitambaa kibichi, anapapasa kwa kiganja amefumba macho. Mjomba amesimama pembeni na mashine yake hana kazi. Inamchukua saa mbili kila siku, akitoka kuswali alasiri mpaka mwanga unapofifia. Fundi wa kunyoosha bodi aliyepita akasema angeifanya kwa nusu siku. Baba akamjibu, "Na mimi ningeifanya kwa nusu siku."

10 Februari

Kobe ni kijivu tena. Tulipuliza alfajiri, kabla upepo haujaamka na vumbi la barabara, uwanja umemwagiwa maji. Kuna senene mmoja amenasa kwenye buti. Nimemwacha akauke, nitamtoa kwa msasa laini. Madigadi ya kulia imebaki na wimbi dogo ukiangalia kwa ubavu jua likiwa chini. Baba anasema halipo.

24 Februari

Kosa langu, naliandika bila kulipamba. Gari hili waya wa chanya ndio unaokwenda kwenye bodi. Nilijua, nimesoma, nimemwambia hata binti. Leo nilipoweka betri, mkono ukafuata mazoea ya magari yote mengine, hasi kwenye bodi. Umeme ukapita kinyume, na kile kisanduku cheusi cha kudhibiti chaji kikatoa moshi wenye harufu ya nywele zilizoungua.

Baba hakunigombeza, jambo ambalo ni baya zaidi. Alinionyesha jinsi ya kuirudisha dainamo kwenye akili yake: geuza betri iwe sawa, chomoa waya za dainamo, kisha chukua waya toka ncha hai ya betri na ugusishe ile ncha ndogo ya dainamo, mara moja, kama unavyogusa pasi kujua imepata moto. Cheche ndogo ya bluu. Basi. Usumaku wake wa ndani umegeuka. Kisanduku kingine itabidi kije na harusi nyingine.

16 Machi

Paa.

Fremu ya chuma ilikuwa nzima, ila ubao wa mbele unaoshika juu ya kioo ulikuwa chakula cha mchwa. Seremala ametuchongea wa mninga kwa kufuata vumbi la ule wa zamani, maana haukuwa na umbo tena.

Kitambaa nilikuwa nimeshaanza kukiulizia kwa washonaji wa viti vya magari. Mjomba akasema tuna wazimu, tunaishi Tanga, tunatafuta nini mbali? Akatupeleka ufukweni kwa mzee anayeshona matanga ya mashua na maturubai ya malori. Mzee akaja, akaizunguka fremu, akaikunja na kuikunjua, akauliza: "Linapata upepo gani hili tanga?"

Nikasema labda kilomita 70 kwa saa.

"Hiyo si safari, hiyo tufani."

Hakupima siku hiyo. Alilowesha turubai, akalitandaza juani, akalilowesha tena, siku tatu, lirudi lenyewe linakotaka kurudi, kwa sababu tanga likikatwa kabla ya kujikaza litakuja kukuaibisha. Kisha akakata kwa mkasi bila chaki. Mishono ya mabegani ni ya mkono, uzi wa nta, anasukuma sindano kwa ngozi aliyoivaa kiganjani, kila mshono umelalia mwenzake. Kioo cha nyuma ni plastiki angavu. Alimwachia binti pindo moja la nyuma alishone mwenyewe. Limekwenda kama njia ya mlevi, na mzee hakulifumua.

Shilingi 220,000 kazi na uzi. Nimeona turubai zilizotengenezewa gari hili huko ughaibuni kwa bei ambayo siwezi kuitamka mbele ya Mama.

6 Aprili

Injini imerudi garini tangu Jumanne. Leo kumwamsha.

Ukiwasha swichi, pampu ya petroli ya umeme inaanza kugonga, tk-tk-tk-tk, inapunguza mwendo kadiri bakuli la kabureta linavyojaa, kisha inanyamaza. Yetu ilikaa kimya toka mwanzo. Baba akaipiga kwa mpini wa bisibisi, pa, ikaanza. Kwenye kabureta, ule mtungi wa juu unataka oili nyepesi, na Baba akatia mafuta ya cherehani ya Mama, kama Babu alivyofanya, kwa idhini ya Mama safari hii.

Hatukutumia stata. Kobe ana tundu mbele, la hendeli. Baba alimfundisha mjukuu wake: gumba liwe upande mmoja na vidole vingine, usilizungushie mpini, maana injini ikirudisha teke utavunjika. Vuta kwa juu, usisukume kwa chini. Akavuta. Kabureta ikapiga chafya ya moto, nyusi zangu zikanukia.

Nilikuwa nimezipanga waya za plagi kufuata saa. Mpangilio wa silinda kuwaka ni 1-3-4-2, hilo nilipatia, ila distribyuta ya injini hii, inayozigawia plagi umeme, inazunguka kinyume cha saa. Mbili na tatu zilikuwa zimebadilishana nafasi. Tukazirudisha.

Mara ya nne ikashika. Si mngurumo hasa, ni kama mtu mnene anayecheka mdomo umefumbwa, na kila ukiachia mafuta ekzosi inatoa mburuzo wa aibu. Nikampigia Bibi, nikaiweka simu karibu na ekzosi. Aliposikia akaanza kumwita mtu aliye nyuma yake, "Njooni, njooni msikie," na simu ikadondoka.

27 Aprili

Mguu wa kwanza barabarani, kuzunguka Raskazoni na kurudi. Breki zinavuta kushoto. Mkono wa ishara wa kushoto, ule mshale wenye taa unaochomoza ubavuni nyuma ya mlango, hautoki mpaka abiria apige bodi kwa ngumi. Baba anasema haikuwahi kuwa tofauti.

Mabomba ya milangoni tuliyatoa mwezi wa kwanza kabla ya rangi. Leo, na watu wanne ndani, tumepima tena: 5 juu, 5 chini. Mjomba aliyatazama maandishi ya chaki ukutani, akamtazama Baba, akasema, "Shemeji." Basi, hakuongeza.

18 Mei

Muheza. Kama kilomita 40, mwendo wa 60, paa limekunjwa. Masika ilikuwa imetupa mwanya wa siku mbili. Kilima cha kwanza kilikula gia ya tatu, malori yote yakatupita yakipiga honi, tukawapungia.

Bibi alikuwa tayari tangu asubuhi, amevaa, na mkoba. Hakulizunguka gari kulikagua kama nilivyotarajia. Alikwenda moja kwa moja kwenye madigadi ya kulia, akapitisha kiganja, akasimama penye lile wimbi. Akamwangalia Baba. Baba akaangalia mwembe.

Tulimzungusha mjini, kiti cha mbele, honi juu. Mvua ikatukuta tukirudi nyumbani. Kulikunjua paa kunahitaji watu wawili na utulivu, nasi tulikuwa wanne na kelele. Ubao wa mninga uliponyonya maji mwaka wake wa kwanza umevimba kidogo, ndoano za mbele hazifiki. Bibi akafungua mwavuli wake palepale kitini akatungoja.

19 Mei

Yaliyobaki: breki ya kushoto, kisanduku cha chaji (kuna harusi Julai), kuchonga ubao wa mbele kwa milimita 2. Na paa linavuja juu ya kiti cha nyuma, pembe ya kushoto, tone kwa tone. Binti anaapa si pindo lake. Mzee wa matanga anasema ni ubao, seremala anasema ni mshono. Jumamosi tutamwagia ndoo tano za maji, mmoja akae ndani na tochi.